Egzame za Jumamosi: kisa cha binti Msabato kwenye shule ya kanisa Lubumbashi, na swali la Ijumaa lililofuata

Kwa nini kisa hiki

Wakristo wengi wa kwetu wakisikia uhuru wa dini mawazo yanaenda mbali, wanafikiria Korea Kaskazini, ao Eritrea ambako toka 2002 makanisa yasiyo kwenye orodha fupi ya serikali yalifungwa na waumini wao wakatiwa ndani, na ni vizuri tuwakumbuke, tusiache kabisa. Ila haki hiyo hiyo inaweza kukanyagwa kwenye shule ya kartie yako, na anayeikanyaga si askari mwenye bunduki, ni mzee wa kanisa mwenye heshima zake, anafika kazini mapema, anaomba kabla ya kufungua biro, na anaamini kabisa kwamba anachofanya ni kulinda nidhamu tu.

Kisa ni cha Lubumbashi. Nimetoa jina la shule, komini, mwaka na chochote kinachoweza kumfanya mtu atambulike, na vitu vidogo vya familia nimevibadilisha. Mimi nilikuwa ndani ya komite ya wazazi, nilisoma sheria, kwa hiyo naeleza niliyoyaona na yale wahusika waliyonieleza wenyewe, na wamekubali kiandikwe.

Mazingira

Shule ni ya sekondari, mtandao wa Kiprotestanti, konvansione. Kwa msomaji asiye wa Kongo: mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilinyang'anya makanisa shule zao, ikaondoa masomo ya dini, hata Noeli ikaacha kuwa siku ya mapumziko. Shule zikaporomoka, na 1977 serikali ikasaini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu (kanisa la Simon Kimbangu) ili wazisimamie tena, Waislamu nao wakapata mtandao wao. Toka hapo serikali inatoa programu, inatuma inspekta, inalipa walimu (wale waliopata matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, wengine wanangoja miaka), na kanisa ndo linasimamia na kupendekeza prefe, yaani mkuu wa shule. Maana yake shule ya namna hii ni ya umma hata kama mlangoni kuna msalaba. Hiyo ishikeni, juu kesi yote imejengwa pale.

Wiki yetu ya shule ni Jumatatu mpaka Jumamosi, hakuna anayeishangaa. Kwenye shule hii Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya interogasio, yaani majaribio ya darasani, na wakati wa egzame za semesta siku moja ao mbili zilikuwa zinaangukia Jumamosi.

Binti alikuwa mwaka wa tano, sehemu ya biokimia, mmoja wa wale watoto ambao walimu wanawatumia kama mfano. Baba fundi wa kuchomelea, mama anauza makala. Ni Wasabato wa vizazi, babu alitokea upande wa Songa kwenye misioni yao ya zamani. Kwa Msabato siku ya Mungu inaanza Ijumaa jua likizama na inaisha Jumamosi jua likizama, na mtihani ni kazi. Miaka ya nyuma walimu walikuwa wanamalizana naye kimyakimya, Jumatatu asubuhi anafanya interogasio yake kabla ya drapo (mkusanyiko wa asubuhi mbele ya bendera), hakuna barua, hakuna wa ngazi ya juu aliyejua.

Kilichotokea

Akaja prefe mpya. Nataka niwe sawa naye: aliikuta shule haina nidhamu, walimu wanafika saa wanayotaka, watoto wanatoroka Jumamosi kwenda kuuza maji na mikate, na alichofanya kwa sehemu kubwa kilikuwa kizuri. Akaandika sheria za ndani mpya: asiyefika siku ya mtihani bila karatasi ya daktari anapewa zero. Wazazi wote wakasaini siku ya kuandikisha watoto, na papa wa binti akasaini pia, kati ya foleni ya minervali na foleni ya unifomu, nani anasoma kurasa nne pale.

Semesta ya kwanza ikaisha na binti ana zero kwenye masomo matatu. Mtoto aliyekuwa kati ya watatu wa kwanza akaangukia mkiani.

Papa akaenda biro ya prefe na barua ya mchungaji wake. Barua ilikuwa ndefu, kurasa mbili za mistari ya Biblia ikieleza kwa nini Jumapili si Sabato ya kweli. Fikiria barua hiyo mkononi mwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Prefe akamjibu: "Tata, hii shule ni ya Baprotestanti, haikujengewa Basabato, na mulisaini mwenyewe." Sauti zikapanda, papa akatolewa nje na direkta wa disipline.

Siku iliyofuata, mbele ya drapo, shule nzima imesimama, direkta akatoa mfano wa "bale batoto bananunua uvivu na jina la Mungu". Hakumtaja jina lakini wote waligeuza vichwa. Kuanzia siku ile wenzake wakampa jina la Mama Sabato.

Jambo lilifika kwenye komite kwa njia ya mama mmoja Mmetodisti, mtoto wake alikuwa anakaa benchi moja na binti. Alisimama kwenye mkutano uliokuwa wa kujadili choo kilichoharibika, akasema: "Huyu mutoto anafundishaka wangu hesabu, leo munamupa zero juu ya maombi?" Choo hakikujadiliwa tena siku ile.

Tuliamua nini, na kwa nini

Watu wachache wa komite tukapewa kazi ya kulifuata. Ndani yetu kulikuwa na pasta wa Kipentekoste, yule mama Mmetodisti, mwalimu wa historia ambaye ni Mkatoliki na anapendwa na prefe, na mimi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha redio. Papa wa binti alikuwa ameshaongea na mtu wa redio moja ya mjini, kipindi kilikuwa tayari kupangwa. Hoja yetu: ikitoka hewani prefe hatakuwa na njia ya kurudi nyuma bila aibu, na uongozi wa mtandao utamtetea hata kama moyoni unajua amekosea. Tukamwomba papa atupe muda, redio haikimbii. Alikubali kwa shida.

Wa pili, na kwangu huu ndo ulikuwa mzito kuliko yote: tulimuuliza binti mwenyewe. Mpaka pale hakuna aliyefanya hivyo, si prefe, si mchungaji wake, si baba yake. Watu wazima walikuwa wanapigana juu ya dhamiri ya mtu aliyekaa kimya pembeni. Mama Mmetodisti akaenda kumuona nyumbani, bila papa kuwapo chumbani, na binti akamwambia: "Mie njo nashika Sabato, si papa. Lakini sitaki banitaje ku drapo tena." Maneno hayo yakatupa vitu viwili kwa mara moja. Kwanza, tulijua tunatetea imani yake na si amri ya mzazi, juu kama angesema anataka kufanya mtihani Jumamosi na baba ndo anamzuia, kesi ingegeuka kabisa, haki ya dhamiri ni ya mtu na yeye ni mtu. Pili, tulijua jeraha lake kubwa si zero, ni ile asubuhi ya drapo.

Wa tatu: nani aongee. Tulikubaliana Msabato asiongoze maongezi. Mtu akiomba haki yake anaonekana anajitafutia, ila pasta wa Kipentekoste akija kuomba kwa ajili ya Msabato, ambaye hata hawakubaliani juu ya siku, mwenye kusikiliza inambidi ajiulize. Na ile barua ya mistari tukaiweka pembeni. Hatukwenda kuamua Sabato ni siku gani, hilo si kazi ya komite ya wazazi na wala si kazi ya serikali.

Wa nne ulikuwa upande wa sheria, na huu ulinichukua muda. Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na wa kuionyesha dini yake peke yake ao na wengine, kwa ibada, mafundisho, desturi, mipaka ikiwa sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwenye elimu kwa sababu ya dini, na cha 45 kinafungua shule za taifa kwa wote bila ubaguzi huo. Kifungu cha 61 kinasema hata wakati wa hali ya dharura uhuru wa dhamiri na dini hauguswi, na kama vita haiwezi kuugusa, sheria za ndani zilizosainiwa kwenye foleni zitaugusaje? Nje ya nchi, tamko la Umoja wa Mataifa la 1981 juu ya kutovumiliana kwa misingi ya dini, kifungu cha 6, linataja wazi kwamba ndani ya uhuru huo kuna kushika siku za mapumziko za imani yako. Pale ndipo tulipoona kwamba binti hakuwa anaomba huruma.

Lakini sheria ile ile ilitubana na sisi. Shule nayo ina haki zake: kanisa linalosimamia lina haki ya kuanza siku kwa maombi ya Kiprotestanti na kuweka tabia yake shuleni, na watoto wengine wana haki ya mtihani ambao maswali hayajavuja. Kwa hiyo wa tano: tuombe kitu kidogo, chenye vipimo, ambacho prefe anaweza kusema ndiyo bila kuvunja shule. Hatukuomba Jumamosi ifutwe. Tuliomba hivi: siku egzame ikianguka Jumamosi, binti afike saa wenzake wanaingia, akae kwenye chumba cha kanisa lililo jirani chini ya ulinzi, bila simu, bila kuonana na mtu wa darasa lake, asome Biblia yake na apumzike, halafu jua likizama afanye karatasi ile ile waliyofanya wenzake. Njia hii si yetu, Wasabato nchi nyingine wanaitumia kwa mitihani mikubwa. Lubumbashi jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni, kidogo mbele ao nyuma kufuatana na msimu. Kwa interogasio za kawaida tuliomba karatasi tofauti Jumatatu asubuhi. Na gharama: mafuta ya jenereta, juu umeme wa jioni kila mtu anajua ulivyo, na kitu kidogo kwa walimu wawili wa kulinda, familia pamoja na kanisa lao walipe.

Mkutano na prefe

Ulifanyika biro kwake, alasiri, direkta wa disipline akiwapo. Pasta alianza: "Bwana Prefe, atukukuya kukulomba ubadirishe imani, tunakulomba paka masaa." Prefe akasikiliza mpango wote, akauliza maswali ya maana: nani anafunga bahasha, nani anabaki na funguo, binti akiumwa saa nane itakuwaje. Nikajua anafikiria kama mtu anayetafuta njia.

Aliyekataa ni direkta. Akasema: "Tukifungulia huyu, kesho Baislamu batakuya na Ijumaa yabo." Kikawa kimya. Naona wengi hupenda kuijibu hoja hii kwa kusema hapana, haitatokea. Mwalimu wa historia hakusema hivyo. Alisema ndiyo, watakuja, na wakija tutawasikiliza pia. Halafu akamkumbusha kitu ambacho kila mtu wa mji huu angepaswa kukijua: Simon Kimbangu alihukumiwa kifo mwaka 1921 kwa sababu ya kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba, mfalme wa Ubelgiji akaibadilisha kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku huku, wakati mji ukiitwa Elisabethville, akakaa gerezani miaka 30 mpaka akafa Oktoba 1951. Waliomfunga walikuwa Wakristo, na walisema ni utulivu wa umma. Wamisionari wachache wa Kibaptisti ndo waliomba asiuawe, wengi walikuwa upande wa serikali. Kanisa lake likatambuliwa 1959, na leo lina mtandao wake wa shule pembeni ya mtandao wetu, kwenye mkataba uleule. "Bwana Direkta, ule wakati na sisi tungekuwa upande gani?"

Pasta akaongeza ya kwao: sheria ya mwisho wa 1971 ilitambua makanisa matatu tu, Katoliki, Protestanti iliyounganishwa na Kimbangu, na Wapentekoste wengi ikabidi waingie chini ya mwavuli wa wengine ili wasifungwe. Alisema baba yake alisali miaka ile akiwa na hofu ya kufungiwa mlango. Hakuongea kwa hasira.

Prefe akaomba wiki moja. Akaandika kwenye kordinasio ya mtandao, na jibu lilirudi fupi: hakuna pingamizi, mradi usiri wa mtihani ulindwe. Akatoa noti ya maandishi, yenye namba na muhuri, ikiweka utaratibu kwa "mwanafunzi yeyote" mwenye sababu hiyo. Maneno hayo mawili yeye mwenyewe ndo aliyachagua, na tulimshukuru.

Ijumaa

Haikupita muda mrefu akaja papa mmoja Mwislamu. Vijana wake wawili walikuwa wanasoma zamu ya mchana, na Ijumaa saa ya sala ya msikitini inagongana na saa ya kwanza ya darasa. Alikuwa amesikia ya binti. Hakuja na hasira wala barua, alikuja kwenye komite akaomba vijana waruhusiwe kufika saa ya pili siku ya Ijumaa.

Hapa ndo komite ilipasuka. Watu waliopiga makofi kwa ajili ya Msabato wakasema hapana. Mzazi mmoja alisema Msabato ni Mkristo, tunatetea ndugu, ila huyu ana shule zake za mtandao wa Kiislamu, aende. Mwingine, mama ambaye jamaa zake wa upande wa Beni, mashariki ya nchi, waliuawa na kundi la waasi la ADF, alilia akiongea, na sitamhukumu, maumivu yake ni ya kweli na waliomuumiza walitumia jina la Uislamu. Ila papa yule aliyekuwa mbele yetu hakuua mtu, anauza spea za magari, na Waislamu wa Beni nao wameuawa na kundi hilo hilo.

Pasta aliomba neno. Alisema kama tunalitetea kwa sababu ni la Wakristo basi tulichokuwa tunatetea ni upendeleo, na upendeleo mwenye nguvu akibadilika unahamia kwa mwingine. Akaeleza juu ya Thomas Helwys, Mwingereza, kati ya Wabaptisti wa kwanza kabisa, ambaye mwaka 1612 aliandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, na kwamba wazushi, Waislamu, Wayahudi ao yeyote yule si kazi ya mamlaka ya dunia kuwaadhibu kwa imani. Aliishia kwenye gereza la Newgate London na akafa akiwa bado mfungwa. Huyo ni babu yenu nyinyi Waprotestanti, pasta aliwaambia, na alifungwa akitetea watu ambao pengine hakuwahi kukaa nao meza moja. Mwalimu Mkatoliki naye akasema Mtaguso wa Vatikano II, Desemba 1965, ulifundisha kwamba haki hii inatoka kwenye heshima ya mtu mwenyewe na haipotei hata kwa yule asiyeitafuta kweli.

Kura zikapigwa, tukapita kwa tofauti ndogo sana. Prefe, ambaye sasa alikuwa amechoka na sisi, alikubali kwa mdomo: akabadilisha ratiba ili saa ya kwanza ya Ijumaa kwenye yale madarasa mawili iwe ya michezo, vijana wafike ya pili. Hakuandika noti. Alisema "mambo ya barua tuache kwanza, watu watasema". Komite tukamwachia, juu tuliogopa kumsukuma tena wakati ametoka kutupa kubwa.

Matokeo

Binti alifanya egzame zake za Jumamosi usiku kwa taa ya jenereta, mama Mmetodisti akikaa naye mchana kutwa kwenye chumba cha kanisa bila kulipwa chochote, na akapita. Zero tatu za semesta ya kwanza hazikufutwa zote. Walimu wawili walimruhusu arudilie, wa tatu alikataa akisema alama ikishatolewa hairudi nyuma, na kisheria alikuwa na hoja. Exetat yake (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) mwaka uliofuata haikuwa na tatizo la siku, na ingekuwa nalo prefe asingeweza kitu, ratiba ile inatoka Kinshasa.

Kuhusu drapo, hakuna aliyerekebisha. Tuliomba direkta aseme neno mbele ya watoto, hata dogo. Prefe aliahidi kuongea naye. Jina la Mama Sabato lilimfuata mpaka alipomaliza.

Halafu prefe akahamishwa. Aliyekuja akakuta noti ya Jumamosi kwenye faili na akaifuata bila maneno, mpaka leo watoto wengine wawili wanaitumia. Ya Ijumaa hakuikuta popote. Ratiba ikabadilishwa, saa ya kwanza ikarudi kuwa hesabu, vijana wakaandikiwa kuchelewa, na mmoja akatolewa na baba yake katikati ya mwaka.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, naona, ni kutenganisha maswali mawili ambayo ile barua ya kwanza iliyachanganya: Sabato ni siku gani, na je mtu anaweza kuadhibiwa kwa kuishika. La kwanza Wakristo tutalibishania mpaka Yesu arudi, na Paulo kwenye Warumi 14 alishatuachia nafasi ya kutofautiana juu ya siku. La pili halihitaji tukubaliane juu ya la kwanza. Mkristo wa Afrika, Tertullian wa Carthage, mnamo mwaka 212 alimwandikia liwali wa Kirumi kwamba ni haki ya kibinadamu kila mtu aabudu anavyoamini, na kwamba si kazi ya dini kulazimisha dini. Aliandika wakati Wakristo ndo wanaotupwa kwa simba. Sisi tulipopata viti, mara nyingi tulisahau. Mikaeli Servetus alichomwa moto Geneva 1553 na Waprotestanti, kwa hoja zilezile za utulivu na nidhamu.

Kilichofaa pia ni udogo wa ombi. Wakristo tunapenda kuanza na hotuba juu ya haki za binadamu, ila prefe hawezi kufanya kitu na hotuba Jumatatu asubuhi. Alipopewa saa, chumba, majina ya walinzi na nani analipa mafuta, alikuwa na kitu cha kukubali. Katiba tulikuwa nayo mfukoni na alijua tunayo, hatukuhitaji kuipigisha mezani. Ingekuwa amekataa kabisa tungepanda sou-divizio, ofisi ya elimu ya serikali, na baadaye mahakamani, na nafikiri tungeshinda, ila binti angekuwa ameshapoteza mwaka.

Swali la kama saini ya papa ilimaliza haki yake linaulizwa sana, basi nijibu. Hapana. Shule inaweza kudai mzazi akubali unifomu, saa, ada, hata kuwapo kwa maombi ya asubuhi shuleni. Haiwezi kumfanya asaini kwamba mtoto ataacha dhamiri yake mlangoni, hasa shule ambayo mwalimu wake analipwa na kodi ya Msabato na Mwislamu sawa na ya Mprotestanti. Shule ya binafsi kabisa isiyo konvansione ingeleta maswali magumu zaidi, na mwenye kesi ya namna hiyo asichukue hii yetu nzima nzima.

Kilichoshindwa kwanza ni drapo. Tulishughulikia alama na tukaacha heshima ya mtoto, wakati yeye mwenyewe alikuwa ametuambia ipi inauma. Aibu ya hadharani inafundisha watoto mia kadhaa kwa dakika mbili kwamba imani ya wachache ni kichekesho, na hakuna karatasi ya prefe inayofuta hilo. Kama ningekuwa naandaa upya ombi lile, neno la direkta mbele ya drapo lingekuwa sharti namba moja, kabla ya jenereta.

Pili ni ile Ijumaa bila maandishi, na hapa sikubaliani na wanaosema ilikuwa bahati mbaya ya prefe kuhamishwa. Maprefe wanahamishwa, ndo kazi yao. Ukweli ni kwamba Msabato tulimpatia haki na Mwislamu tulimpatia fadhila, na tofauti ile ilionekana siku mwenye fadhila alipoondoka. Sababu iliyotolewa, kwamba watu watasema, ndo sababu ile ile iliyotumika juu ya binti mwanzoni, na komite iliyoikataa mara ya kwanza iliipokea mara ya pili kwa sababu aliyeathirika hakuwa wa kwetu. Mama wa Beni alistahili kusikilizwa kwa upole, na tulifanya hivyo, ila maumivu yake hayakuwa sababu ya kumwacha papa yule bila karatasi.

Komite mpya ilipochaguliwa ombi liliandikwa upya. Ukurasa mmoja, linataja kifungu cha 22 na cha 45, linaomba saa ya kwanza ya Ijumaa kwa mwanafunzi yeyote mwenye ibada saa hiyo, na linapendekeza somo la hesabu lihamie Jumatano. Limepelekwa na papa wa binti Msabato mwenyewe, fundi wa kuchomelea, akiwa na pasta na yule mzazi Mwislamu. Liligongwa muhuri wa kupokelewa, nakala moja iko kordinasio, nyingine kwenye faili ya komite. Jibu tumeahidiwa kabla ya semesta ya pili kuanza.